Jua Likichafuka, Mionzi ya Kosmiki Hupungua

Jumapili ya Mei 12, 2024, intaneti ilipozorota Tanzania, Kenya na kwa majirani, mpwa wangu alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Hili nalo ni jua lenu?" Swali lilikuwa la haki, maana siku mbili kabla nilikuwa nimemweleza kwamba dhoruba kubwa ya jua imeipiga Dunia. Nikamwambia hapana, ni nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika kaskazini mwa Durban. Hakuridhika. "Sasa hiyo dhoruba imetufanya nini sisi?"

Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi mno. Nalitoa kamili hapa, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wanafunzi wangu hulikataa wakilisikia mara ya kwanza: jua likichafuka, mionzi ya kosmiki inayotufikia kutoka mbali hupungua.

Neno mionzi linapotosha kidogo. Hii si mwanga. Ni viini vya atomu, vingi vikiwa protoni tupu, vinavyoingia kutoka nje kabisa ya mfumo wa jua kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Vikifika juu ya angahewa vinagonga viini vya naitrojeni na oksijeni na kuvivunja, vipande navyo vinagonga vingine, mpaka chini kwetu yanafika manyunyu. Laza kiganja chako mezani. Kila sekunde chembe moja au mbili za manyunyu hayo zinakipenya, usiku na mchana, hata ukiwa ndani ya nyumba.

Tunayapima kwa vituo vya nyutroni, chembe zisizo na chaji zilizomo ndani ya manyunyu hayo: tani kadhaa za risasi (ile metali nzito) zikiwa zimezunguka mirija ya gesi inayohesabu nyutroni moja moja. Afrika tunavyo Tsumeb huko Namibia, na Hermanus na Potchefstroom, Afrika Kusini. Mimi huanza siku kwa kutazama mchoro wa Oulu, Finland, kituo kinachohesabu tangu 1964.

Ijumaa ile ya Mei 10, kwenye saa mbili usiku kwa saa zetu, mawingu ya gesi yaliyorushwa na kundi la madoa ya jua (sehemu nyeusi usoni mwa jua zenye sumaku kali) namba 13664 yalitua juu ya Dunia. Kundi hilo peke yake lilikuwa na upana wa kama Dunia 15 zikipangwa mstari. Katika saa zilizofuata mstari wa Oulu, ambao siku nyingine hutetemeka tu, uliporomoka. Karibu sehemu moja ya kumi ya mionzi ya kosmiki ilitoweka. Nimeshaona maporomoko mengi, lakini lile nililikodolea macho mpaka chai ikapoa.

Tunaliita anguko la Forbush. Mwaka 1937 Scott Forbush, Mmarekani, alilinganisha vipimo vya Cheltenham, Maryland, na vya Huancayo, Peru, akaona mionzi imeshuka kote kuwili wakati wa dhoruba moja ya sumaku, yaani uga sumaku wa Dunia ulipotikiswa na jua. Sababu yake ni kwamba upepo wa jua haupulizi gesi tu, unabeba na sumaku ya jua. Protoni inayotoka nje ni kama ngalawa inayotaka kuingia bandarini huku upepo unatoka nchi kavu: itaingia, lakini kwa kuyumbishwa. Wingu kubwa likipita, linafagia njia yote. Na kila miaka 11 hivi, madoa yanapokuwa mengi, upepo wote huvurugika na mionzi inabaki chini kwa miaka. Madoa yakiisha, inapanda tena.

Alfajiri ya Jumamosi, mstari ukiwa bado chini, kikatokea kinundu kidogo. Ule ulikuwa mlipuko mwingine wa jua, wa saa kumi na dakika 23 kwa saa zetu, uliorusha protoni zake lenyewe kwa nguvu ya kutosha kufika mpaka vituo vya ardhini. Kwa hiyo jua lilikuwa linafukuza wageni na papo hapo linaleta watoto wake. Ndiyo maana siwezi kukubali msemo kwamba dhoruba ya jua "huongeza mionzi", basi. Uliza kwanza: mionzi ipi, na wapi?

Sisi wa Afrika Mashariki tuko mahali pa pekee. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, na katika ukanda huu mistari ya uga sumaku wa Dunia imelala karibu sambamba na ardhi. Protoni ikitaka kushuka wima lazima iikate, na hiyo inadai nishati ya elektroni-volti (kipimo cha nishati ya chembe) bilioni 13 au 14. Oulu, karibu na ncha, haifiki hata bilioni moja. Chembe ambazo jua huzisumbua zaidi ni hizo dhaifu, ambazo kwetu zimeshafungiwa mlango na Dunia yenyewe. Ndiyo maana mabadiliko ya jua hapa huonekana madogo.

Ngao hiyo nayo huguswa. Mei ile, mkondo wa umeme unaoizunguka Dunia angani ulipunguza uga sumaku kwenye ukanda wa ikweta kwa zaidi ya nanotesla 400 (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Nairobi ina kama 33,000, kwa hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia moja. Ukishika dira mkononi huoni kitu. Kinachotuumiza huku ni tabaka la juu la angahewa lenye chaji, ambalo likivurugika linapotosha GPS na redio za masafa mafupi. Marekani wakulima wenye matrekta yanayoongozwa kwa GPS walilazimika kusimamisha upanzi.

Mpwa wangu nilimpa mfano wa karibu zaidi. Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, Uhuru, satelaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa kutoka jukwaa lililo baharini karibu na Malindi. Ilizunguka juu ya ikweta, chini ya ngao hii hii, na vihesabio vyake vikapata utulivu ambao visingeupata vikipita karibu na ncha.

"Hilo jukwaa bado lipo, mjomba?"

Lipo. Nenda Ngomeni, simama ufukweni, tazama baharini.