Kizingiti kisichoonekana kwenye televisheni

Mtoto wa ndugu yangu alinitumia video kutoka Mombasa mwezi uliopita. Wazee wawili wa Kiingereza wamekaa tezi, yaani nyuma, kwenye boti ndefu na nyembamba, mmoja ameshika kana ya usukani, mwingine ana kikombe mkononi, na kondoo wanapita nyuma yao taratibu. Chini yake ameandika: "Shikamoo ami. Hii ndiyo kazi yako? Mbona raha tupu!" Nilianza kumjibu kwa simu, lakini jibu likawa refu mno kwa simu. Nimeliandika hapa, maana si yeye peke yake anayeniuliza.

Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha boti za mifereji hapa Uingereza, ile njia ya maji iliyochimbwa ili boti zipite. Wazee wale ni Timothy West na Prunella Scales, mume na mke, waigizaji wote wawili, waliooana mwaka 1963. Kipindi chao cha safari za mifereji, Great Canal Journeys, kilianza kwenye televisheni mwaka 2014 na wakakiendesha hadi 2019, kisha kikachukuliwa na wengine. Nilikitazama tangu mwanzo, kwenye chumba cha pamoja cha gati nilipokuwa nimefunga boti yangu wakati huo, pamoja na jirani zangu wenye boti, watu kumi na kitu. Hakuna aliyeweza kukaa kimya.

"Hendeli! Mbona wameiacha pale juu?" "Na vilango vya chini vimefungwa saa ngapi?" "Mvua iko wapi? Hapo nilipita Aprili, nilivaa makoti mawili!" Mzee mmoja aliyeishi kwenye boti miaka mingi kuliko sisi wote alikuwa akinyoosha kidole kwenye kioo kila picha inaporuka: boti imeingia loki, kile chumba cha kuipandisha na kuishusha, mara imetoka, mara iko kwenye daraja ambalo yeye anajua liko mwendo wa siku nzima mbele.

Mtu asiyejua angesema hawa ni watu wa kulalamika tu. Nilivyozidi kufundisha ndivyo nilivyozidi kuona kwamba karibu kila neno lililopigiwa kelele pale chumbani lina sababu ya kiufundi nyuma yake, na nyingine ni za kufa na kupona.

Tuanze na loki, kwa sababu ndiyo moyo wa mambo. Mfereji hauwezi kupanda mlima kama barabara, maji yangemwagika. Kwa hiyo pale ardhi inapopanda hujengwa chumba cha mawe chenye malango mbele na nyuma. Kwenye mifereji myembamba chumba hicho kina upana wa mita mbili na kidogo na urefu wa kama mita 22, na boti zimeundwa kwa kipimo hicho hicho, ubavu unakaribia kugusa ukuta. Unaingia, unafunga malango, unashuka na hendeli yako ya chuma, unaipachika kwenye meno ya kilango na kuzungusha. Kilango ni ubao unaoziba tundu la maji. Kikipanda, maji yanaingia au yanatoka kwa uzito wake mwenyewe, bila pampu wala umeme. Kila boti inaposhuka, zaidi ya lita 100,000 huteremka nayo. Chumba kikiwa sawa na maji ya upande unaoelekea, unaegemea boriti ya lango kwa mgongo na kusukuma kwa miguu mpaka lango likubali.

Hiyo ni kama robo saa kwa loki moja, ukiwa na bahati. Kwenye televisheni ni sekunde thelathini na muziki. Pale Caen Hill, mjini Devizes, kwenye mfereji wa Kennet and Avon, kuna loki 29 zinazofuatana, na 16 kati yake zimejipanga mstari mmoja kwenye kilima kama ngazi. Ni kazi ya siku nzima. Mikono inauma, viatu vimelowa, na ukifika juu huna hamu ya kusema na mtu. Mwanafunzi aliyeziona zikipita kwa dakika mbili huja kwangu akiuliza kama tunaweza kumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Lakini kuchoka hakuui. Kizingiti ndicho kinachoua.

Chini ya malango ya juu, ndani ya loki, kuna ngazi ya jiwe iliyojitokeza. Ndiyo kizingiti ambacho malango yale hukalia yakifungwa. Loki ikiwa imejaa, kiko chini ya maji na hakuna dalili yake ila mstari mweupe uliopakwa ukutani, ambao mara nyingi umefunikwa na ukungu wa kijani. Ukiwa unashuka, maji yanapungua na boti inashuka nayo. Kama tezi ya boti imebaki nyuma ya mstari, usukani na chuma kilichoushikilia vinakalia jiwe. Omo, yaani mbele ya boti, inaendelea kushuka. Kwetu Lamu chombo kikipwelewa unakaa, unapika chai, unangoja maji yajae. Kwenye loki maji yanakukimbia kwa dakika, nyuma umeshikwa, mbele unazama. Boti zimezama hivi, na watu wamekufa hivi.

Nimeliona kwa macho, miaka kadhaa baada ya kipindi kuanza. Nilikuwa juu ya loki nangoja zamu. Mbele yangu familia moja kwenye boti ya kukodi, baba kwenye kana, watoto wawili ndani, mama kwenye malango ya chini. Baba alikuwa ameirudisha boti nyuma kabisa kwa sababu aliogopa kugonga malango ya mbele, jambo ambalo kila anayeanza huliogopa. Mama alifungua vilango vyote viwili kwa pamoja, kisha akatoa simu apige picha. Kwanza nilisikia mlio wa chuma kikisaga jiwe. Halafu sufuria zikaanza kuteremka ndani, moja baada ya nyingine, na birika likafuata. Nilipiga kelele "Funga chini! Funga!" huku nikikimbia. Hakujua funga nini. Niliangusha vilango vya chini mwenyewe, nikarudi juu, nikafungua vya juu kidogo kidogo, maana ukivifungua kwa pupa mkondo unaweza kuimaliza boti ambayo ungeiokoa. Maji yakapanda. Tezi ikanyanyuka kutoka kwenye jiwe kwa mshindo ambao bado ninao masikioni. Watoto walitoka wamelowa magoti.

Mama yule alikaa kwenye boriti akitetemeka, akaniambia, "Kwenye televisheni ilionekana rahisi sana." Na kwenye kampuni waliyokodi walikuwa wameelezwa yote kwa dakika chache pale gatini, siku ya joto, watoto wakilia. Toka siku hiyo nilipomsikia mtu akiulizia hendeli na vilango mbele ya televisheni sikumcheka tena. Hendeli ikiachwa kwenye meno na kile kishikio kinachozuia meno yasirudi kikateleza, inazunguka kwa kasi ya kuvunja mkono. Kilango kisipofungwa, loki nzima inavuja mpaka boti za juu zinakalia tope. Wale jirani zangu walikuwa wanakisoma kile kipindi kama mwalimu anavyosoma daftari.

Lalamiko jingine lililorudi kila wiki lilikuwa la mwendo. Watu huona boti iko polepole wakadhani hata ikiongezwa kidogo haidhuru. Mwisho wa mwendo kwenye mifereji hii ni maili nne kwa saa, kilomita sita na kitu, na ukizipita boti zilizofungwa kando unatakiwa upunguze zaidi, injini izunguke kwa mwendo wake wa chini kabisa. Sababu iko chini ya maji tena. Mfereji ni mwembamba na wa kina kifupi. Boti yenye uzito wa tani 15 ikipita, maji yaliyosukumwa mbele lazima yarudi nyuma kupitia nafasi ndogo iliyobaki ubavuni, na yakirudi kwa kasi usawa wake unashuka na kuivuta boti iliyofungwa. Kwanza inavutwa mbele, kisha inarudishwa nyuma, na vigingi vya chuma vinang'oka kwenye udongo. Ndani kuna mtu anamimina uji wa moto. Ndiyo maana ukipita mbio unatokewa na kichwa dirishani na maneno yasiyoandikika.

Choo nitakitaja kwa kifupi, ingawa mle chumbani kilizungumzwa kuliko vyote. Hakuna bomba la maji taka mferejini. Wengi wetu tuna kaseti, yaani tangi dogo la uchafu, chini ya choo, na kila siku chache unaibeba kwa mkono hadi mahali pa kumwagia, wakati mwingine maili kadhaa mbele. Tangi la maji nalo linajazwa kwa mpira. Jiko la makaa linawashwa Oktoba na halizimwi mpaka Aprili. Maelfu ya watu wanaishi hivi mwaka mzima, wengi wao kwa sababu kodi za nyumba mijini zimewashinda, na sheria ya mwaka 1995 inamtaka asiye na gati lake asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14. Muuguzi anayefanya kazi hospitali moja na mtoto wake yuko shule moja anahamisha nyumba yake kila baada ya wiki mbili, kwenye baridi na kwenye giza. Watu hawa kwenye kipindi wanapita nyuma ya picha kama mapambo, moshi ukitoka kwenye dohani zao. Hilo liliwauma majirani zangu, na liliniuma mimi.

Kuna lalamiko moja ambalo nililipinga pale pale na bado nalipinga: kwamba ni afadhali kipindi kisingekuwepo, kwa sababu kimeleta watu wengi. Mifereji hii iliuawa na reli, ikamalizwa na malori, na kufikia katikati ya karne iliyopita mingi ilikuwa mitaro ya matairi na nyasi. Ilifufuliwa na watu wa kawaida waliochimba tope kwa majembe siku za Jumapili. Mfereji wenyewe wa Kennet and Avon, maili 87, ulifunguliwa upya na Malkia mwaka 1990 baada ya miaka mingi ya kazi hiyo. Tangu 2012 sehemu kubwa ya mifereji ya England na Wales iko chini ya shirika la hisani, Canal & River Trust, na mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba kuanzia 2027 ruzuku yake itapungua mwaka hadi mwaka kwa miaka kumi. Kuta za mawe zina miaka mia mbili na zaidi. Malango ni ya mbao na hulazimika kubadilishwa kila baada ya miaka 25 hivi. Nani atalipa, kama hakuna anayejua mifereji ipo? Bibi wa Birmingham anayekaa umbali wa kutupa jiwe kutoka majini na hajawahi kushuka ngazi ya kwenda mferejini, akimwona Timothy West akivuka daraja la Pontcysyllte huko Wales, linalobeba mfereji mita 38 juu ya mto, upande mmoja hakuna hata reli ya kushikia, huenda akashuka siku moja.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyelipigia kelele. Prunella Scales alikuwa anapoteza kumbukumbu, na kipindi hakikulificha. Kadiri miaka ilivyokwenda alisahau walipotoka na wanakokwenda. Lakini alipofika kwenye loki alijua la kufanya. Walikuwa wameanza safari za mfereji tangu watoto wao wadogo, mume kwenye kana, mke kwenye malango. Chumbani, picha hizo zilipokuja, hata yule mzee wa kunyoosha kidole alikishusha. Mkewe alikuwa kwenye hali hiyo hiyo, kwenye boti yao, mita ishirini kutoka tulipokaa. West alifariki Novemba 2024, na Scales Oktoba 2025.

Msimu uliopita walikuja kwangu mume na mke wenye umri mkubwa. Mume alitaka kujifunza kana kwa sababu mkewe, aliyepanda boti hizi utotoni na baba yake, alikuwa ameanza kusahau, na walikuwa wamekitazama kipindi chote pamoja. Niliwapeleka kwanza kwenye loki tupu, kama ninavyowapeleka wote siku hizi kabla ya kuwasha injini. Tulisimama ukingoni tukatazama chini. Kizingiti kilikuwa wazi, cheusi, kinachuruzika maji, na jiwe lake la pembeni limelika na mikwaruzo ya sukani. Nikawaonyesha mstari mweupe. Mama akaniuliza wa nini, nikamweleza. Baada ya dakika chache akaniuliza tena, nikamweleza tena, na mara ya tatu vile vile.

Kisha akaacha kuuliza, akazunguka hadi kwenye boriti ya lango la juu, akaigeuzia mgongo, akatafuta matofali yaliyoinuka ambako miguu hukanyaga, akaegemea. Akamwita mumewe kwa mkono aende upande wa pili.