Ushoroba wa kijani si mstari wa miashoki

Siku hizi ukipewa ramani ya mradi wa viwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, hukosi kuona "ushoroba wa kijani" umechorwa. Ukienda kutazama, unakuta miashoki imepangwa kando ya barabara, nyasi za kupandwa na geti. Hata kwenye vikao vya mtaa, kila penye miti sasa ni ushoroba. Hapana.

Ushoroba wa kijani ni ukanda wa uoto unaounganisha maeneo ya asili yaliyotenganishwa na makazi, ili wanyama, mbegu na maji vipite, na watu nao wapate njia ya miguu au ya baiskeli. Basi.

Neno la kushika hapo ni kuunganisha. Bustani inaweza kukaa peke yake ikabaki bustani; ushoroba hauwezi. Chukua magharibi mwa jiji. Kusini kuna misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, kaskazini kuna msitu wa Pande. Katikati ni Barabara ya Morogoro, Kibamba, Mbezi, na nyumba zinazoongezeka kila mwaka. Komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku anayepatikana Tanzania tu, tena katika vipande vichache vya misitu ya pwani, yupo Pugu na yupo Pande. Wa huku hamfikii wa kule. Huyu ni mnyama wa kurukaruka vichakani, karibu na ardhi. Mwashoki ulionyooka, chini pamefyekwa na kufagiliwa, haumsaidii kitu. Anahitaji vichaka vilivyoshikana, miti ya asili ya pwani, na mahali pa kuvukia barabara kubwa.

Ndiyo maana anayepanga ushoroba huanza na ncha zake mbili, kisha akatafuta kilichopo tayari katikati. Kwa Dar, hicho ni mabonde ya mito. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Kisarawe hadi Daraja la Salenda. Mpiji unaingia baharini mpakani na Bagamoyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hesabu kingo zote mbili: mita 120, bila kuhesabu mto wenyewe. Hapo ndipo mafuriko hutanuka, na hapo ndipo ushoroba ungepita. Lakini mtu mmoja akimwaga kifusi na kushusha ukuta hadi majini, njia imekatika. Kilichobaki juu na chini ya ukuta ni vipande viwili vya kijani visivyojuana.

Miashoki inapendeza, tuiite miti ya barabarani. Bustani ya mtaa tuiite bustani, na zingeongezwa ningefurahi sana. Ila ukionyeshwa ushoroba kwenye ramani, ufuate kwa kidole uone unaanzia msitu upi na unafika upi.