Je, wajua kwa nini mtu aliyeshiba bado hupata nafasi ya keki?

Mtu anaweza kusukuma sahani pembeni na kuapa kwamba hawezi kuongeza hata tonge moja, kisha keki ikaletwa mezani naye akala kipande kizima bila taabu. Wengi huuita huo ulafi, na wanamwonea, kwa sababu shibe ina pande mbili, na ni upande mmoja tu unaokaa tumboni.

Upande wa kwanza unafahamika. Kuta za tumbo hutanuka, utumbo hutoa homoni za shibe, na taarifa hizo huchukua muda, mara nyingi dakika 20 hivi, kabla ya ubongo kuzizingatia kikamilifu. Upande wa pili ni wa ulimi na pua. Kadiri mtu anavyoendelea kula chakula kimoja, ladha na harufu yake humpungukia mvuto, ilhali chakula ambacho hajakigusa hubaki kikitamanisha karibu kama mwanzo. Mwaka 1981, Barbara Rolls na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walichapisha majaribio ambamo watu walipima jinsi vyakula mbalimbali vinavyowapendeza, wakala kimojawapo hadi kutosheka, kisha wakavipima upya. Kile walichokila kilishuka thamani machoni pao kuliko vile ambavyo hawakuvila. Tabia hii ina manufaa yake, maana humsukuma binadamu kutafuta vyakula vya aina nyingi, na hivyo virutubishi vya aina nyingi. Tatizo hutokea pale ambapo kitu kitamu hakikosekani mezani.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba keki nayo huchosha vivyo hivyo. Matonge ya mwanzo ndiyo yenye utamu mwingi zaidi, na yanayofuata huongeza sukari na mafuta kuliko yanavyoongeza raha. Anayekula kipande kidogo polepole, akiwa ameshakula mlo wake wa kawaida, hapotezi sehemu kubwa ya starehe yake.

Je, si afadhali basi kuacha kabisa? Wako wanaoweza, lakini marufuku kali huwageuka wengi. Mwaka 1975, watafiti Peter Herman na Deborah Mack walieleza jaribio walilolifanya Marekani, ambamo baadhi ya wanawake walipewa kinywaji kizito cha maziwa na sukari kabla ya kuonjeshwa aiskrimu. Waliokuwa hawajali sana wanachokula walipunguza aiskrimu baada ya kinywaji hicho, kama ambavyo mtu angetarajia. Waliokuwa na mazoea ya kujinyima walikula zaidi kuliko wenzao waliojinyima ambao hawakupewa kinywaji, ni kana kwamba sharti likishavunjwa hakuna tena la kulindwa.

Kuhusu kipimo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari huru, yaani hasa ile inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, yaani vijiko 12 hivi vya chai. Asali na juisi ya matunda vimo katika hesabu hiyo, jambo linalowashangaza wengi, ilhali tunda zima halimo. Kopo moja la soda la mililita 330 huwa na takriban gramu 35, na kwa kuwa kinywaji hakishibishi kama chakula cha kutafuna, ni rahisi kumaliza kiasi hicho bila kupunguza chochote kwenye mlo.

Wakati wa kula nao una uzito, hasa kwa meno. Kila sukari inapoingia kinywani, bakteria huigeuza kuwa asidi, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kuirekebisha hali hiyo. Kwa hiyo peremende zinazofyonzwa moja baada ya nyingine mchana kutwa huyadhuru meno kuliko kipande cha keki kilicholiwa pamoja na mlo.