Damu iliyovilia kichwani kwa wazee: yanayosemwa na ukweli wake

Hili suala la damu kuvilia kichwani taratibu huwa linaniuma sana, manake ni kati ya matatizo machache ya ubongo yanayotibika vizuri hata kwa mtu wa miaka 85, na bado wazee wanakaa nalo nyumbani wiki kwa wiki kwa sababu kila dalili imeshapewa maelezo: akisahau ni uzee, akiyumba ni presha, akilala mno basi kachoka. Hospitali wanaita hematoma sugu ya sabdyura, yaani damu iliyojikusanya chini ya dura, ule utando mgumu unaofunika ubongo, ikakaa hapo kama wiki tatu au zaidi. Nimekusanya yale yanayosemwa sana kuhusu hii hali. Hayalingani uzito kwahiyo mengine nitayapitia juu juu.

"Hajaanguka wala hajagonga kichwa, haiwezi kuwa damu"

Hii ndio inayochelewesha watu kuliko zote. Ukweli ni kwamba wagonjwa wengi tu, theluthi hivi au hata zaidi, hawakumbuki kuumia popote, na wanaokumbuka mara nyingi ni kitu kidogo sana, kagonga paji la uso kwenye mlango wa kabati, kajigonga akiingia kwenye gari, kateleza akakaa chini kwa makalio na kichwa hakikugusa kitu. Tukio lenyewe lina mwezi au miezi miwili nyuma kwahiyo akiulizwa "umeanguka?" anajibu hapana kwa moyo mweupe kabisa.

Inakuwaje kitu kidogo hivyo kilete damu? Umri ukienda ubongo unasinyaa, nafasi kati yake na fuvu inaongezeka, na ile mishipa midogo ya vena inayovuka kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye dura inabaki imevutika. Mtikisiko kidogo tu mmoja unachanika, damu inatoka pole pole na kwa vile nafasi ipo mtu hasikii chochote. Kikawaida damu hiyo ingefyonzwa ikaisha, ila kwa baadhi ya watu mwili unaijengea utando kuizunguka, na utando huo unaota mishipa mipya dhaifu inayovuja kila mara, alafu ndani yake kuna kemikali zinazozuia damu isigande sawasawa. Ndio maana donge linakua wiki baada ya wiki bila mtu kuanguka tena. Mwaka 1857 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alisema hili ni tatizo la uvimbe wa utando (kuvimba kwa kuwaka, sio kansa), mwaka 1914 daktari wa upasuaji Wilfred Trotter wa London akasema hapana, ni vena zilizochanika kwa kuumia. Kwa tunavyojua leo kila mmoja alishika kipande cha ukweli, jeraha linaanzisha na uvimbe ndio unaoendeleza.

"Ingekuwa damu kwenye ubongo angezimia hapo hapo"

Hapo mtu anachanganya na ile ya ghafla, inayotokea mara baada ya ajali kubwa, ambayo kweli ni ya kukimbizana na dakika. Hii sugu inaingia kimya kimya. Mtu anaweza kuwa na damu yenye unene wa sentimita mbili kichwani na bado anatembea, anaongea, anakula.

"Huo ni uzee tu" na ndugu yake "hiyo ni stroki" (kiharusi)

Naomba hapa tusimame kidogo. Dalili zenyewe ni kichwa kuuma (ingawa kwa wazee sana kinaweza kisiume kabisa), kuchanganyikiwa, kusahau, kutembea kwa kuburuza miguu au kuanza kuanguka anguka, mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, maneno kupotea, kusinzia mchana kutwa, na wengine wanapata degedege. Ukiziangalia moja moja kila moja ina jina lingine, ndio maana watu wanapewa dawa za demenshia (ugonjwa wa akili na kumbukumbu kupotea), za sonona, za presha, na damu iko pale pale inakua.

Cha kuangalia ni mwendo wa mabadiliko. Demenshia ya kawaida inakuja kwa miaka. Stroki inakuja kwa dakika, mtu alikuwa mzima saa nne na saa tano mkono haunyanyuki. Hii yetu inakuja kwa siku na wiki, na kinachochanganya zaidi ni kwamba inapanda na kushuka, asubuhi anajua majina ya wajukuu wote, jioni hajui yuko wapi, kesho yake afadhali, familia inapumua kwamba imeisha kumbe haijaisha.

Kuna kipimo kimoja madaktari wanafanya kitandani hakihitaji mashine yoyote. Mgonjwa ananyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vinaangalia juu, anafumba macho na kutulia hivyo sekunde kumi hivi. Ukiangalia vizuri mkono mmoja unaanza kushuka taratibu na kiganja kinageuka kuelekea ndani, na mwenyewe hana habari, anadhani mikono bado iko sawa. Hiyo ni dalili ya udhaifu ambao mtu akikusalimia kwa mkono hutauona. Ila mikono ikibaki imenyooka usijipe uhakika kwamba hamna kitu, kwa sababu damu ikiwa pande zote mbili za kichwa (na inatokea kwa kama mgonjwa mmoja kati ya watano) hakuna upande wa kulinganisha, unachoona ni mtu kawa mzito kimwendo na kiakili kwa ujumla tu.

Na kumwita mtu mgonjwa wa stroki bila picha ya ndani ya kichwa kuna hatari yake, kwa sababu stroki nyingi matibabu yake yanaanza na aspirini, na kumpa aspirini mtu mwenye damu inayovuja kichwani ni kumwongezea tatizo. Picha kwanza.

"CT skani ilipigwa siku alipoanguka, ikawa safi, kwahiyo kichwa tumeshakitoa kwenye orodha"

Hapana jamani. Picha ya siku ya kwanza inakwambia habari za siku ya kwanza. Damu hii inajijenga baadaye, kwahiyo mzee akibadilika wiki ya nne au ya sita anapigwa picha nyingine, na usione aibu kumkumbusha daktari kwamba ile ya mwanzo ina mwezi sasa.

CT skani (picha ya eksirei inayoonyesha ndani ya kichwa) ya kawaida isiyotumia dawa ya mshipani inatosha kwa wengi, inachukua dakika chache. Damu mbichi inaonekana nyeupe, ikikaa wiki kadhaa inakuwa ya kijivu cheusi kuliko ubongo, na umbo lake ni la mwezi mwandamo umelalia upande wa ndani wa fuvu. Katikati hapo kuna kipindi, wiki ya kwanza mpaka ya tatu hivi, rangi ya damu inalingana kabisa na ya ubongo, na ndipo inapoweza kumpita hata msomaji mzoefu hasa ikiwa pande zote mbili, kwa sababu hakuna kilichosukumwa kwenda upande. Msomaji makini ataona mikunjo ya ubongo haifiki kwenye fuvu kama inavyotakiwa. Wakiwa na wasiwasi MRI, picha ya mashine ya sumaku, inamaliza ubishi.

"Ni ugonjwa wa nadra sana, tena wa walevi"

Pombe ni kihatarishi kweli, inasinyaza ubongo, inaharibu ini ambalo ndilo linatengeneza vitu vya kugandisha damu, na inaangusha watu. Ila ukiwaangalia wagonjwa wenyewe walio wengi ni wazee wa kawaida kabisa, wanaume zaidi ya wanawake kama mara mbili hivi, na wengi wanatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, aspirini au klopidogreli kwa ajili ya moyo. Wanaosafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo nao wamo. Kijana akiipata ni lazima itafutwe sababu, kwa mfano maji ya uti wa mgongo kuvuja mahali, ambako kunashusha presha ndani ya kichwa na kuvuta vile vimishipa.

Kuhusu unadra, takwimu kwa watu wa umri wote zinacheza kati ya 2 na 20 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, inasikika ndogo. Sasa angalia waliofika miaka 80: kwenye eneo moja la Finland lililofuatiliwa kuanzia 1990 mpaka 2015, kundi hilo lilitoka chini ya 50 mpaka karibu 130 kwa kila 100,000. Watu wanaishi muda mrefu zaidi, dawa za kuzuia damu kuganda zinatumika zaidi, na CT zinapigwa zaidi. Idadi haitashuka hii.

"Operesheni ya kichwa kwa mzee ni kumpeleka kufa"

Mtu akisikia operesheni ya ubongo anapata picha ya kichwa kufunguliwa nusu nzima, masaa nane, ICU. Kwa tatizo hili njia inayotumika zaidi ni kutoboa tundu moja au mawili kwenye fuvu, kila moja upana wa sentimita moja na kitu. Inaweza kufanyika kwa nusu kaputi, na kwa mtu mwenye moyo au mapafu mabovu inawezekana kwa ganzi ya ngozi ya kichwa tu huku yuko macho anaongea na watu. Ngozi inachanwa kidogo, drili inapita kwenye mfupa, chini yake unaiona dura imevimba ina rangi ya bluu bluu. Daktari akiichana, umajimaji mweusi kama mafuta machafu ya injini unatoka kwa presha, wakati mwingine unaruka kabisa, alafu kasi inapungua, wanasuuza na maji ya chumvi ya uvuguvugu mpaka yanayotoka yawe meupe. Kusuuza sio mapambo, jaribio la Finland lililotoka 2024 liliona waliorudiwa operesheni ni asilimia 18.3 kwa wasiosuuzwa na 12.6 kwa waliosuuzwa.

Alafu wanaacha mpira mdogo wa kutolea maji kwa siku moja au mbili. Huo mpira una ushahidi mzito sana: mwaka 2009 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walilinganisha wagonjwa 215, waliowekewa mpira damu ilirudi kwa asilimia 9.3, wasiowekewa asilimia 24, na vifo ndani ya miezi sita vilikuwa asilimia 8.6 dhidi ya 18.1. Kifaa kidogo kama kile!

Sisemi haina hatari. Damu kurudi, degedege, maambukizi, nimonia, vyote vinatokea, na mzee mwenye magonjwa mengine anaweza kufa miezi kadhaa baadaye kwa hayo mengine. Fuvu kufunguliwa dirisha kubwa kupo pia, ila huachiwa zaidi wale ambao damu imeganda ngumu au imejigawa vyumba vyumba au inarudi rudi. Lakini umri peke yake sio sababu ya kumnyima mtu hii operesheni. Mzee aliyeingia hajijui hajitambui anaweza kuamka kesho yake akauliza miwani yake iko wapi.

"Si kuna dawa ya kuiyeyusha? Tusikimbilie kisu"

Damu ndogo isiyo na dalili, ndio, inaweza kuachwa ikafuatiliwa kwa picha, na nyingine zinaisha zenyewe. Ila mwenye dalili za wazi akipewa vidonge badala ya operesheni anapotezewa muda. Iliyotegemewa sana ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, kwa sababu inapunguza uvimbe. Jaribio la Uingereza la mwaka 2020, wagonjwa zaidi ya 700 na wengi wao walifanyiwa operesheni pia, lilionyesha waliopewa dawa walirudiwa operesheni mara chache zaidi lakini hali yao baada ya miezi sita ilikuwa mbaya zaidi: waliokuwa vizuri ni asilimia 83.9 dhidi ya 90.3 kwa wasiopewa. Uholanzi wakaijaribu yenyewe badala ya kisu, matokeo 2023, jaribio likasimamishwa kabla ya wakati, madhara mengi na zaidi ya nusu ya waliopewa dawa waliishia kufanyiwa operesheni.

"Siku hizi wanaziba mshipa tu, hamna kutoboa"

Hii ina ukweli ndani yake na naifuatilia kwa matumaini. Katheta, yaani mpira mwembamba sana, inapitishwa kwenye paja au mkononi mpaka kwenye ateri inayolisha dura na ule utando wenye mishipa dhaifu, inazibwa, uvujaji unakosa chanzo. Jaribio la Marekani lililotoka 2024 liliona operesheni ya kurudia ndani ya siku 90 ni asilimia 4.1 kwa waliozibwa dhidi ya 11.3 kwa wasiozibwa. Soma vizuri hapo: hao wote walifanyiwa operesheni, kuziba kuliongezwa juu yake. Kuziba hakuondoi damu iliyopo, ubongo unaendelea kubanwa wiki nyingi, kwahiyo mtu anayepooza leo bado anahitaji tundu.

"Picha ya baada ya operesheni bado ina damu, wameharibu"

Karibu kila picha ya baada ya operesheni ina maji kidogo, hewa kidogo, na nafasi tupu, kwa sababu ubongo uliobanwa kwa miezi haurudi kwenye nafasi yake kwa siku mbili, unachukua wiki hadi miezi. Madaktari wanafuata mgonjwa, picha inasaidia tu. Akiongea vizuri, akatembea, anaruhusiwa na hayo maji yakiwa bado yapo. Kichwa kikianza kuuma upya, mkono ukilegea, usingizi ukirudi au akaanza kuchanganyikiwa tena, hasa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, anarudishwa siku hiyo hiyo na CT inapigwa tena, na kama damu imejaa tena tundu lile lile linaweza kufunguliwa. Kuhusu zile dawa za moyo za kuzuia damu kuganda, asizirudie kwa uamuzi wake na asiziache moja kwa moja kwa uamuzi wake, daktari wa moyo na wa upasuaji wa ubongo wanapanga tarehe pamoja kwa kupima hatari ya pande zote mbili, na mwenye vali ya moyo ya chuma hapangiwi sawa na aliyekuwa anameza aspirini ya kujikinga tu.