Mbwa aliyekuwa akitembea barabarani

Juzi nilisahihisha madaftari ya Kiingereza ya kidato cha tatu. Zoezi lilikuwa la kuunganisha sentensi mbili: "I was walking along the road" na "A dog bit me", kwa kuanza na "Walking". Karibu darasa zima waliandika: "Walking along the road, a dog bit me." Nikapiga mkasi. Wakati wa kurudisha madaftari wakanijia juu: kosa liko wapi, mwalimu?

Kosa ni kwamba hapo aliyekuwa akitembea ni mbwa.

Siwalaumu, maana Kiswahili kinaruhusu. Tunasema "Nikiwa natembea barabarani, mbwa akaning'ata," na hakuna anayebabaika, kwa sababu ile "ni" ya "nikiwa" imeshamtaja mtembeaji. "Walking" haina kiambishi cha nafsi. Mtendaji wake inamwazima kwenye sentensi kuu, na baada ya koma wamemweka mbwa. Kwa hiyo andika "Walking along the road, I was bitten by a dog." Kama swali halikulazimishi kuanza na "Walking", "While I was walking along the road, a dog bit me" ni nzuri zaidi kwa masikio yangu. Ile ya kwanza inanukia chumba cha mtihani.

Nikaanza kuwaonyesha kwamba makosa yao mengi ya kuunganisha yanatoka hapo hapo, kwenye kitenzi chetu kinachobeba mizigo yote. "Kitabu nilichokinunua" kina "cho" na "ki", vyote vya kitabu kile kile, na ni Kiswahili safi. Mwanafunzi akihamisha mzigo wote anapata "The book which I bought it". "Which" imeshashika nafasi ya kitabu, basi "it" itoke. Kwenye "too... to" pia "it" inatoka: "The tea is too hot for me to drink", ikaishia hapo, si "to drink it".

"Although" na "but" kugongana katika sentensi moja kunajulikana, tunasema "ingawa... lakini" kila siku. Chagua kimoja, tuendelee.

Koma ndiyo iliyotumalizia kipindi. "It rained, we stayed at home." Kwa Kiswahili, "Mvua ilinyesha, tukabaki nyumbani" imekamilika, kwa kuwa kazi ya kuunganisha inafanywa na ile "ka", wala si koma. Kiingereza hakina "ka". Koma peke yake haina nguvu ya kushika sentensi mbili kamili. Iongezee "so", au weka nuktamkato. Binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza: kwa hiyo "ka" kwa Kiingereza ni "so"? Mara nyingine ni "and", mara nyingine "then", nikamjibu, inategemea unasimulia nini. Kengele ikalia kabla hajaridhika.