Fremu za Baiskeli za Mianzi: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Ukiwatajia mafundi wengi wa baiskeli hapa Mombasa habari ya fremu ya mwanzi, watakujibu kwamba mwanzi ni wa ua na dari, na kwamba kitu chenye uwazi ndani hakiwezi kumbeba mtu mzima, sembuse mtu mzima pamoja na madumu yake ya maji. Hoja hiyo inasahau kwamba hata bomba la chuma la baiskeli lina uwazi, na kwamba uwazi huo ndio unaolifanya liwe gumu kupinda bila ya kulemea. Mwanzi, ambao kwa ukoo ni nyasi kama mahindi na miwa, umejaliwa zaidi, kwa kuwa nyuzi zake hukimbia kwa urefu wa bua na kusongamana upande wa nje wa ukuta, mahali hasa panapopata mkazo mkubwa bua linapopindwa.

Wapo pia wanaousifu kupita kiasi, wakidai kwamba hakuna fremu nyepesi kuliko ya mwanzi. Ni kweli kwamba kipande cha chuma huwa na uzito wa takribani mara 10 ya kipande cha mwanzi mkavu chenye ujazo uleule, lakini kuta za mwanzi ni nene, na fremu ya kaboni iliyoundwa vizuri huishinda kwa wepesi. Fadhila yake kubwa iko kwingine: hupunguza mtetemo unaotoka barabarani, jambo ambalo mikono huling'amua upesi kwenye njia zetu zenye mashimo.

Dhana inayoharibu kazi kuliko zote ni kwamba mwanzi wowote unafaa, hata ule uliokatwa bustanini jana. Mwanzi hufikia urefu na unene wake wote ndani ya msimu mmoja, kwa hiyo bua changa huonekana limekomaa ilhali halijapata ugumu. Mabua ya fremu hukatwa yakiwa na umri wa miaka 3 hadi 5. Baada ya hapo lazima yakaushwe polepole kivulini, kwa sababu bua likikauka ghafla hupasuka kwa urefu, na huo ndio udhaifu wa kweli wa mwanzi. Mwanzi wa manjano wenye michirizi ya kijani, unaopandwa kwa mapambo sehemu nyingi za pwani, una wanga mwingi, na wanga huo huwavuta vidudu vitobozi wa jamii moja na dumuzi wanaomaliza mahindi ghalani. Fundi makini huuloweka mwanzi katika maji yenye boraksi (chumvi ya madini inayozuia vidudu), kisha huupitisha kwenye moto hadi ubadilike rangi. Wala si halali kujikatia popote: mwaka 1986 serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa mianzi katika misitu ya umma, hivyo ni bora kununua kwa mkulima aliyeupanda mwenyewe.

Husemwa vilevile kwamba unyevu wa pwani utauozesha mwanzi. Unyevu ni adui, hilo halina ubishi, na fremu isiyopakwa vanishi, au iliyoachwa na matundu ya kupitisha maji ndani ya mabua, haitadumu masika mengi. Hata hivyo, hewa ya chumvi inayokula spoki na cheni huku Likoni na Nyali haiutii mwanzi kutu, na fremu iliyozibwa vizuri na kupakwa vanishi upya kila inapochakaa hukaa miaka mingi.

Maungo nayo, yaani mahali mabua yanapokutana, hayafungwi kwa kamba tu kama wengi wanavyofikiri. Ncha za mabua huchongwa zikumbatiane barabara, hushikizwa kwa gundi, kisha huzungushiwa nyuzi zilizolowa epoksi, gundi ya majimaji ambayo huganda ikawa ngumu, na kubanwa kwa vipande vya tyubu hadi gundi igande. Nyuzi zaweza kuwa za kaboni, au za katani, ambayo mashamba yake yako karibu nasi kule Vipingo. Mahali pa usukani, pa ekseli ya pedali na pa gurudumu la nyuma bado panahitaji chuma au alumini. Hapa kuna jambo ambalo mtu wa Mombasa hana ruhusa ya kulipuuza: kaboni ikigusana na alumini penye chumvi na unyevu, alumini huliwa upesi, kwa hiyo tabaka la nyuzi za kioo hutangulizwa kati yake. Epoksi yenyewe ni plastiki isiyooza, na hudhuru ngozi kabla ya kuganda. Glavu ni za lazima, na barakoa wakati wa kupiga msasa.

Haya si mambo ya juzi. Baiskeli za mianzi zilitengenezwa Uingereza tangu 1894, mtengenezaji wa fremu Craig Calfee akazifufua California miaka ya 1990, na leo mafundi wa Ghana, Zambia na Uganda wanazijua vyema.

Wengine huamini kwamba ufa mmoja ni mwisho wa fremu. Ufa mfupi unaofuata urefu wa bua, ulio mbali na maungo, aghalabu huzibwa kwa epoksi na kuzungushiwa nyuzi. Ufa uliokata bua kwa upana, au ulioanzia kwenye maungo, ni habari nyingine: baiskeli hiyo isipandwe tena mpaka bua libadilishwe.