Maana ya wati katika risiva ya sinema ya nyumbani

Risiva ya sinema ya nyumbani, ambayo si king'amuzi cha televisheni ingawa wengi huviita kwa jina moja, hupokea sauti kutoka vyombo mbalimbali, huichambua, kisha huikuza na kuigawa kwa spika tano, saba au zaidi. Nguvu ya kukuza huko hupimwa kwa wati, na hapo ndipo mnunuzi hupotea, kwa kuwa tarakimu ya kwenye boksi hutegemea namna ilivyopimwa.

Kipimo cha kuaminika ni RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya, sehemu ya chombo inayokuza sauti, huweza kuitoa mfululizo. PMPO, iliyozoeleka kwenye sabufa za bei nafuu, hudai kilele cha kufumba na kufumbua na haina kanuni moja ya upimaji. Ndiyo maana sabufa iliyoandikwa wati 5,000 yaweza kuwa na kibandiko mgongoni kinachosema kwamba hula wati 60 za umeme. Na hakuna amplifaya inayotoa kwa mfululizo nguvu zaidi ya umeme inaouvuta kutoka kwenye soketi.

RMS nayo ina masharti yake. Risiva moja inaweza kutangazwa kuwa na wati 150, zilizopimwa kwa spika moja tu, kwa omu 6 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme), kwa mlio mmoja wa hezi 1,000 (mitetemo kwa sekunde) na kwa upotofu wa sauti wa asilimia 10, ambapo sauti imekwisha kukwaruza. Ikipimwa kwa spika mbili kwa pamoja, kwa omu 8, kuanzia hezi 20 hadi 20,000 na kwa upotofu usiofika asilimia 0.1, risiva hiyohiyo huenda ikatoa wati 80. Marekani ilianza kuwabana watengenezaji kuhusu matangazo ya namna hii mwaka 1974.

Isitoshe, kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, desibeli zikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti, na tofauti kati ya wati 80 na 100 ni takriban desibeli 1, ambayo kwa maoni yangu haistahili kulipiwa. Spika inayotoa desibeli 90 ikipewa wati moja huhitaji, kwa sauti ileile, nusu ya nguvu inayohitajiwa na ile ya desibeli 87, hivyo fedha huzaa zaidi zikielekezwa kwenye spika. Sebuleni, mazungumzo ya filamu mara nyingi hayamalizi hata wati moja. Zilizobaki husubiri radi na milipuko.